Kijiko Kimoja cha Udongo Mkavu

Veronika mwanangu,

Usicheke mwandiko. Mkono wa kulia unaujua ulivyo, na huu wa kushoto haujawahi kushika kalamu tangu nizaliwe. Kazi yake ilikuwa kushikilia spana wakati mwenzake anagonga. Herufi zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, lakini soma taratibu, utanielewa.

Ninaandika kwa sababu kusema kumenishinda. Leo jioni ulipotenga ugali ukaniambia, "Baba, nimeamua. Siendi. Kesho nitawaandikia wampe mtu mwingine ile nafasi ya masomo," nilitaka nikugombeze mpaka mabati yatikisike. Mdomo ukagoma. Na unanijua, mimi si mtu wa kukosa maneno, hapa Dongobesh wananiita Fundi Redio. Nilimeza matonge uliyokuwa unanimegea, ukadhani nimekubali.

Sikukubali. Nilifurahi. Mungu anisamehe, ulipotamka siendi nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Nilishaziona asubuhi zote zinazokuja, wewe ukinifunga vifungo vya shati, tukibishana kuhusu chumvi, ukinisomea ujumbe wa simu kwa sababu macho yangu hayataki tena maandishi madogo. Tonge lenyewe halijashuka kooni, nilikuwa nimeshakula maisha yako yote. Ndipo nikaogopa, na mpaka sasa naogopa. Kwa sababu najijua: kesho asubuhi ukinitazama usoni ukaniuliza, "Baba, nibaki?", nitasema baki.

Kwa hiyo msikilize baba yako wa leo. Wa kesho usimsikilize.

Mambo ya sweta, chakula na watu wa kuwaepuka sikuandikii. Shangazi yako Basilisa amekuhubiria hayo wiki nzima, na wanasema hii baridi yetu ya Mbulu haioni ndani kwa hiyo ya ng'ambo, basi mimi nitakushauri nini. Nina jambo moja tu. Nataka tuzungumzie ule udongo, na nani aliyeniunguza.

Maana wewe unaamini ni wewe.

Ulipofika hospitali kutoka chuoni hukunisalimia. Wewe, ambaye hata ukiwa umenuna unasema "shikamoo baba" ukiwa umegeukia ukutani. Ulisimama mlangoni ukatazama bandeji, ukasema, "Sikukuambia uukaushe, baba. Nilisahau kukuambia uukaushe." Nesi alidhani umechanganyikiwa. Mimi nilikuelewa, lakini maumivu yalikuwa yamenibana meno, sikukujibu. Tangu siku ile hujalitaja tena. Ila kila unaponibadilishia bandeji naliona limekukaa usoni. Unawaambia watu unabaki kwa ajili ya mkono wangu. Si mkono, Vero. Unabaki kulipa. Na mimi nilikuacha ulipe, kwa sababu malipo yenyewe yalikuwa matamu kwangu, nani anakataa kupikiwa na binti yake?

Hebu turudi nyuma kidogo. Mama yako alikuwa bado hai, wewe uko shule ya msingi, magoti yamejaa vumbi. Nilikuwa nayeyusha mabaki ya nailoni, gia zilizovunjika na magurudumu ya mashine kuukuu, nashindilia kwenye kalibu, natoa bushi za mashine ya kusaga. Bushi ni kitu kidogo, pete tu inayoishika shafti, kile chuma kinachozunguka, isichezecheze. Lakini isipokuwepo mji mzima unalala na mahindi mabichi. Bwana Shabani mwenye mashine alizipenda zangu kwa sababu alizipata siku hiyo hiyo, ya kutoka Arusha ilikuwa mpaka gari lije. Tatizo lilikuwa msimu wa mavuno. Mashine inasaga kutwa, shafti inapata moto, na bushi ya nailoni inalegea. Mashine inaanza kupiga kelele, Bwana Shabani naye anaanza.

Siku moja uliichukua bushi iliyolegea, ukaifinya kwa vidole ikiwa bado ya moto, ukaniuliza, "Baba, mbona chungu cha bibi hakiyeyuki na hii inayeyuka?"

Nikakwambia, "Nenda kafunge mbuzi."

Ndivyo nilivyokujibu. Swali la maana kuliko yote yaliyowahi kuulizwa kwenye gereji yangu, na mimi nikalijibu kwa mbuzi. Sikuwa na jibu, na baba asiye na jibu huwa mkali, hilo utaliona hata kwa maprofesa. Wewe ulikwenda kufunga mbuzi. Lakini swali hukulifunga, ulikwenda nalo sekondari, ukaenda nalo chuo kikuu, na siku moja Jumapili ukanipigia simu kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu njiani.

Nilikuwa natengeneza cheni ya pikipiki, simu nimeibana kwa bega. Ulisema, "Baba, tunachanganya udongo kwenye nailoni."

"Mnachafua nailoni ya watu?"

"Sikiliza basi. Udongo wenyewe ukiutazama kwa darubini kubwa ni kurasa. Kurasa nyembamba mno zimeshikana, kama daftari lililolowa mvua. Kazi yetu ni kuzibandua, nailoni iingie katikati ya kila ukurasa na mwenzake."

"Zikishabanduka?"

"Joto likija nailoni hailegei mapema, zile kurasa zinaishikilia. Na ikianza kuungua, hewa inayotoka ndani haipati njia ya moja kwa moja. Inazunguka zunguka, kama ng'ombe anayetafuta tundu kwenye boma."

Nikakuuliza mnatia debe ngapi. Ukacheka mpaka ukakohoa. "Kidogo, baba. Kilo ya nailoni, vijiko vichache. Ukizidisha, kurasa zinagandamana tena, bushi yako itakatika kama biskuti. Na si udongo wowote. Mwekundu una chuma, na chuma kwenye moto kinaiharakisha nailoni kuharibika. Hata ile dawa tunayoutilia udongo ili upatane na plastiki, nayo ina kiwango chake cha joto. Ukikipita inaoza yenyewe, na kile ulichotaka kukilinda unakuwa umekiharibu."

Unaona nimekumbuka yote? Siku ile nilisema "ahaa, ahaa" kama mtu aliyeelewa, na kichwani nikabaki na neno moja tu: udongo. Hayo mengine yamenirudia nikiwa nimelala hospitali, neno kwa neno, wakati hayana kazi tena. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia mkuu anaweza kuwa binti yako mwenyewe.

Sasa ile siku. Wewe umesimuliwa na majirani, nami majirani nawajua, wameongeza na radi. Ilikuwa mavuno, mvua za mwisho hazijakata vizuri. Bushi ya Bwana Shabani ililegea katikati ya kazi. Kina mama wamepanga viroba mpaka barabarani, wengine wametoka mbali na watoto mgongoni. Bwana Shabani akaja gereji mwenyewe, kanzu ameikunja mkononi isichafuke. Akasema, "Fundi, nakusihi. Nitengenezee moja itakayonivusha wiki hii."

Mtu akikusihi hivyo mbele ya watu, unavimba kichwa. Nikamwambia, "Leo nitakupa bushi isiyojua moto." Kwa maneno hayo hayo. Nikaenda nyuma ya gereji, pale kilipokuwa kile kiroba cha udongo wa bibi yako, niliokuja nao kutoka Mogitu tulipomaliza matanga yake. Niliubeba ule udongo kwa sababu sikuwa na kingine cha kumkumbukia. Vyungu vyenyewe waligawana mashangazi zako.

Nikachota kopo, nikalijaza likawa na kilima juu. Vijiko vichache ulivyosema? Mimi ni mtoto wa mfinyanzi. Bibi yako alikuwa anatwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika, anauchanganyia udongo mpya, ndipo chungu kinastahimili moto. Na alikuwa akitutuma kutwanga akisema, "Ongezeni, msinifanyie uchoyo, chungu chenye vigae vichache hupasuka." Basi ndivyo nilivyofikiri. Moto unashindwa kwa kuongeza. Halafu kwetu sisi, unajua, kipimo kisicho na kilima ni tusi. Hata chumvi ya kuazima tunairudisha imezidi.

Nailoni ilikuwa imeshayeyuka kwenye sufuria, inatoa ule moshi wake. Nikamimina kopo lote kwa mkupuo.

Umeshaelezwa kilichofuata. Ililipuka ikanirukia, ikashika mkono, na nailoni iliyoyeyuka haipanguswi, ukiipangusa inaondoka na ngozi. Bwana Shabani ndiye aliyeniingiza mkono kwenye pipa la maji, kanzu yake ikaungua mikono yote miwili. Mpaka leo hajanitajia hiyo kanzu, analeta unga tu na kuuliza, "Fundi anaendeleaje?"

Sasa nifuate vizuri hapa, maana barua yote nimeiandika kwa ajili ya hapa.

Nilipokuwa mdogo, pengine sijamaliza kung'oa meno ya utoto, nilifinyanga ng'ombe. Ng'ombe mzuri, ana nundu na pembe. Bibi yako alikuwa amepanga vyungu vya kupeleka mnadani, amevifunika kwa nyasi na samadi kavu tayari kwa kuwasha. Vilikuwa vimekaa kivulini mpaka vimekauka, ukivigonga vinalia. Mimi nikamchomeka ng'ombe wangu katikati, angali mbichi, nimemaliza kumfinyanga asubuhi hiyo hiyo. Moto ulipokolea ng'ombe akapasuka. Akapasua chungu cha pembeni, nacho kikapasua kingine. Tulisimama tukisikiliza vikilia kimoja kimoja, na hakuna mtu anayeweza kuingiza mkono mle.

Bibi yako hakunipiga. Alinikalisha siku zilizofuata nikatwanga vile vigae vyote, na kila nilipochoka alikuwa akiniuliza, "Maji yakikosa mlango yanafanya nini?"

Nami najibu, "Yanavunja nyumba."

"Nani aliyaingiza?"

"Mimi, mama."

Umenielewa, Vero? Nilijua kabla hujazaliwa. Kabla mama yako hajazaliwa, karibu. Kiroba kilikuwa kimelala nyuma ya gereji chini ya bati linalovuja, na nilipochota ule udongo ulinata vidoleni. Niliuhisi. Nilisimama na kopo mkononi nikajiambia, "Utakaukia humo humo." Nilimkumbuka hata yule ng'ombe. Wallahi, kama anavyosema Bwana Shabani, nilimkumbuka, nikamimina.

Kwa hiyo usiniletee tena habari ya "sikukuambia uukaushe." Hakuna mtu duniani anayehitaji kumwambia mtoto wa mfinyanzi kwamba udongo mbichi hauingii motoni. Ungeniambia ningekukatiza nikuulize kama unanifundisha kunywa maji. Sayansi yako haikuhusika, hata haikupata nafasi ya kufanya kazi. Sufuria lile halikuwa na kosa lako hata moja, makosa yote yalikuwa ya kwangu, na la unyevu ndilo bibi yako alilonikanya kwa vigae.

Na kwa nini nilimimina, wakati najua? Hili sijamwambia padri. Haraka ilikuwepo, ndiyo, na ile methali yake ya baraka imebandikwa kwenye kila hoteli ya mji huu, nimekula chini yake miaka yote. Lakini haikuwa haraka peke yake. Nilikuonea wivu. Nilitaka nikupigie simu ile jioni nikwambie, "Nyie na darubini zenu bado mnapima vijiko, baba yako ameshamaliza, mashine inasaga." Nilitaka nikutangulie kufika kwenye jibu la swali nililolijibu kwa mbuzi. Wewe ulilibeba miaka yote hiyo. Mimi nilitaka nilimalize kwa kopo moja.

Huyo ndiye unayetaka kutupa masomo yako ukae umbebe.

Nakuomba uende. Sijawahi kukuomba kitu, nimezoea kuamuru, na kuomba kwenyewe sikujui, kwa hiyo nitaandika tu kama linavyokuja: nenda, mwanangu, nakuomba, nenda. Ukibaki, kila asubuhi nitakapokuona unachota maji nitajua nimekuunguza na wewe. Mkono huu nauweza. Hicho kingine sikiwezi, nitakufa nacho vibaya.

Sitakudanganya kwamba nitakuwa salama. Daktari amesema vile vidole viwili havitanyooka tena. Gereji sijui itakuwaje. Basilisa atahamia huku, na unajua anavyokoroma na anavyopika maharage hayajaiva. Nitakukosa mpaka nitaongea na mbuzi. Usiku naogopa, sikufichi, naamka nikidhani sufuria bado liko motoni linatoa moshi. Yote hayo ni kweli, na hata moja si sababu ya wewe kubaki.

Bwana Shabani ameweka bushi ya Arusha. Nayo ni ya plastiki siku hizi, na juzi amenionyesha, imeanza kulegea. Alinicheka, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu niungue. Swali lako bado lipo pale pale kwenye shafti. Mimi siliwezi. Kalifunge wewe.

Sasa nisikilize nilichokifanya, na usigombe.

Utakapoikuta karatasi hii chini ya kikombe chako, mimi sitakuwemo ndani. Begi lako pia halitakuwepo, usilitafute chini ya kitanda. Uliliacha limefungwa kabla hujaamua kuniharibia furaha, na pasipoti iko humo. Nitalibeba begani, bega halikuungua. Nitakuwa stendi, nimelikalia, nasubiri basi la Arusha linalotoka Haydom. Njoo uligombee huko. Basilisa anajua, ndiyo maana ameng'ang'ania kulala hapa leo, atakusukuma mlangoni kama hutaki. Ukifika nipe shikamoo, inanitosha. Usiniulize kama ubaki. Mbele ya watu na konda anapiga kelele ninaweza kukaza moyo kidogo, si sana. Panda, kaa dirisha la upande wa pili, nisikuone ukilia nikaharibu mambo.

Kwenye mfuko wa pembeni wa begi kuna vitu viwili. Cha kwanza ni kipande cha ile nailoni, nilimwomba Bwana Shabani akiokote sakafuni. Kimejaa matundu. Kikate, kiweke kwenye hiyo darubini yenu kubwa, utaona mvuke ulipopita. Kitataja maji. Jina lako hutalikuta.

Cha pili ni ile chupa ndogo ya vidonge vya maumivu. Vidonge vimeisha. Nimeweka udongo wa Mogitu, siyo ule mwekundu wa juu, ni ule wa chini unaokaribia weupe, ambao bibi yako alikuwa akiutumia kulainishia midomo ya vyungu. Nilikuwa na bonge moja tu lake ndani ya kiroba. Nimeusaga kwa mkono huu wa kushoto, nikauanika juu ya bati, kisha nikauweka kwenye kikaango juu ya makaa wewe ukidhani nakaanga karanga. Nilikuwa naufunika kwa glasi. Glasi ikitoa jasho naurudisha motoni. Nimefanya hivyo mpaka glasi ikabaki safi, naona hadi chini.

Halafu nikapima kijiko kimoja, nikakisawazisha kwa kisu. Udongo mwingine ulikuwepo, na chupa bado ilikuwa na nafasi kubwa. Sikuongeza.

Baba yako,
Fundi